Uzoefu wangu: seti ya mavazi na kumbukumbu za Bitcoin ya shilingi 740,000

Kazi yangu ni kuchapa fulana, kofia na hudi katika barabara ya Nasser hapa Kampala, na nimeifanya kwa miaka kumi na mmoja. Nalitaja hilo mwanzoni ili msomaji ajue kwamba ninayoyasema kuhusu wino na kitambaa siyabahatishi, na pia ili anicheke mapema tuendelee na habari yenyewe, kwa sababu mtu anayechapa hudi kwa shilingi 60,000 ndiye huyohuyo aliyepanda ngazi za duka la mjini akanunua hudi iliyochapwa kwa shilingi 320,000. Mganga hajigangi.

Mpwa wangu alihitimu Chuo Kikuu cha Makerere mwezi Februari, naye ni mpenzi wa sarafu za kidijitali kama Bitcoin tangu mwaka wake wa kwanza. Ndugu zangu wa Busia walichangishana pesa za zawadi, wakanitumia kwa simu, wakaniagiza nitafute kitu ambacho kijana atakifurahia kuliko saa ya mkononi. Yeye mwenyewe ndiye aliyenionyesha picha za duka hilo, ambalo liko katika ghorofa ya pili ya jengo moja la biashara, lenye rafu nyeusi, taa za rangi ya chungwa, na maandishi ya mwanga ukutani yanayosema kwamba Bitcoin ndiyo pesa ya kesho. Nilichukua seti nzima: hudi ya shilingi 320,000, kofia ya kapelo ya 150,000, sarafu ya mapambo yenye kibao chake cha kusimamia ya 180,000, na kadi ngumu ya plastiki ya 90,000 ambayo muuzaji aliiita pochi. Sanduku na cheti vilikuwa vya bure.

"Hizi zimetoka seti 21 tu, mzee wangu," kijana wa dukani aliniambia. "Zikiisha hazirudi."

Namba hiyo haikutoka hewani. Bitcoin zitakazowahi kutolewa duniani hazitazidi milioni 21, na wauza vitu vya anasa wameigeuza hesabu hiyo kuwa chambo: kampuni ya saa ya Hublot, kwa mfano, ilitoa mwaka 2018 saa 210 za kuienzi Bitcoin, kila moja kwa dola 25,000. Duka letu lilikuwa limejifunza somo hilohilo, kwa kipimo cha mfuko wa Kampala. Nilipouliza kama mpwa wangu angeweza kuongezea sehemu ya malipo kwa Bitcoin aliyonayo, nilijibiwa kwamba wanapokea pesa za simu au taslimu tu. Kwa haki ya duka, Benki Kuu ya Uganda ilitoa waraka mwaka 2022 ikizikataza kampuni zenye leseni ya malipo kusaidia ubadilishaji wa sarafu za kidijitali kuwa pesa za simu, kwa hiyo muuzaji hakuwa na njia nyepesi ya kuipokea. Ila basi maandishi yale ya ukutani yangezimwa saa za kulipa. Niliomba risiti ya EFRIS, yaani ya mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya mapato, nikapewa karatasi iliyoandikwa kwa kalamu.

Nianze na hudi, maana ndiyo kazi ninayoijua. Kitambaa chake ni kizuri kweli: kizito, chenye manyoya laini kwa ndani, mishono ya mabegani imepitishwa mara mbili, na mpira wa mikononi unarudi mahali pake baada ya kuvutwa. Hudi ya namna hiyo ikiwa haijachapwa ningeikubali kwa shilingi 80,000 bila kubishana. Balaa liko katika chapa. Alama kubwa ya herufi B iliyo kifuani haikuchapwa kwa skrini wala haikudariziwa. Ni picha iliyotolewa kwenye filamu kisha ikabandikwa kwa mashine ya joto, na aliyeibandika alikuwa na haraka. Unaligundua hilo bila kifaa chochote. Ukishika kitambaa kwa vidole gumba pande mbili za herufi na kukivuta taratibu, uso wa rangi unafunguka mistari myembamba kama tope la kisima kilichokauka, na pembeni unaona ukingo unaong'aa, ambako gundi ya filamu haikuyeyuka vya kutosha kuingia katika nyuzi. Njia hii si mbaya yenyewe, nami huitumia kila siku, lakini inadai joto, mgandamizo na sekunde zilizopimwa, na aina nyingi za filamu hazitaki kubanduliwa kabla hazijapoa. Mpwa wangu aliifua hudi kwa maji baridi, ikiwa imegeuzwa ndani nje kama nilivyomwelekeza, na ilipofuliwa mara ya tatu tumbo la chini la herufi B likaanza kunyanyuka.

Mgongoni kuna jambo jingine ambalo mimi sikuliona, akaliona yeye. Duka lilichapa pale kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London ambacho mwanzilishi wa Bitcoin alikiweka ndani ya bloku ya kwanza kabisa, yaani ukurasa wa kwanza wa daftari la miamala yake, kinachosema kwamba waziri wa fedha wa Uingereza alikuwa ukingoni mwa kuyaokoa mabenki kwa mara ya pili. Tarehe ya gazeti hilo ni 3 Januari 2009. Hudi yetu imeandikwa 2008. Mwaka 2008 nao una nafasi yake katika historia hiyo, kwa kuwa andiko lililoieleza Bitcoin lilitolewa tarehe 31 Oktoba mwaka huo, lakini hilo ni andiko na hiki ni kichwa cha habari. Kwa mtu kama mimi ni kosa dogo la kupanga herufi. Kwa vijana wanaovaa nguo hii hasa ili watambuane, ni sawa na kuvaa jezi ya timu yako yenye jina la mchezaji lililokosewa, na mpwa wangu alitaniwa siku ya kwanza alipoivaa.

Kofia haina ubaya. Imedariziwa kwa mashine, nyuzi zimekatwa vizuri kwa ndani, na bado imekaa umbo lake. Shilingi 150,000 ni nyingi mno, lakini angalau kuna kazi ya mtu ndani yake.

Sarafu ndiyo iliyonipeleka kwa sonara. Inang'aa kama dhahabu, imechongwa alama ya Bitcoin, na imezungukwa na maneno ya Kilatini *Vires in Numeris*, yaani nguvu iko katika namba. Pembeni, kwa herufi ndogo za Kiingereza, inajitangaza kuwa aunsi moja ya shaba nyekundu yenye usafi wa 999. Sonara, mzee ambaye duka lake haliko mbali na langu, hakuiweka kwanza kwenye mizani. Alitoa sumaku kwenye droo, akaisogeza, na sarafu ikaruka na kung'ang'ania. Shaba haivutwi na sumaku, wala dhahabu. Kisha akaipima: gramu 24.6, wakati aunsi ya vipimo vya madini ya thamani ni gramu 31.1. Kwa maneno mengine ni kipande cha chuma kilichopakwa rangi ya dhahabu, cha aina inayouzwa kwa dola chache kwenye masoko ya mtandaoni ya China, na maandishi yale ya shaba ni mabaki ya sarafu nyingine iliyonakiliwa bila kusomwa.

Njiani nikirudi nilikuwa nikifikiria kwamba bei kubwa peke yake si wizi. Mwezi Agosti 2022, Tiffany, kampuni ya vito ya Marekani, iliwauzia wenye picha za kidijitali zinazoitwa CryptoPunks nafasi 250 za kutengenezewa vidani, kila nafasi kwa etha 30, sarafu nyingine ya kidijitali, ambazo wakati huo zilikuwa kama dola 50,000. Mimi naiona ni bei ya wazimu. Lakini aliyelipa aliletewa kidani cha dhahabu na vito, na siku soko la picha hizo likianguka anaweza kukipeleka kwa sonara, na sonara hatatoa sumaku akacheka.

Sasa nije kwenye kadi, ambayo ni rahisi kuliko vitu vyote katika seti na ndiyo iliyonikera zaidi. Ina ukubwa wa kadi ya benki. Upande wa mbele kuna msimbo wa QR wa anwani ya Bitcoin, na nyuma kuna ufunguo wa siri, ambao anayeujua ndiye anayeweza kuzitoa pesa za anwani hiyo, uliofunikwa kwa rangi ya fedha, ya kukwangua kama tulivyokuwa tukikwangua kadi za muda wa maongezi. Muuzaji alisema ndani yake kuna satoshi 10,000 za kumwanzishia kijana. Bitcoin moja ina satoshi milioni mia moja, kwa hiyo ahadi yenyewe ilikuwa ndogo, ya thamani ya nauli chache za boda. Mpwa wangu aliskani msimbo kabla hata hatujakwangua, kwa kuwa daftari la Bitcoin liko wazi na mtu yeyote anaweza kuiangalia anwani yoyote.

"Mjomba, hapa hakujawahi kuingia kitu," akasema. "Si kwamba zimetolewa. Hazijawahi kuingia."

Tungeweza kuishia hapo, tukahesabu hasara ya satoshi 10,000. Lakini nilipomwona akitafakari kuihamishia kadi hiyo sehemu ya akiba yake, kwa sababu alipenda kuwa na pochi anayoweza kuishika, ilinibidi nimkalishe chini nimweleze kazi ya mchapaji ilivyo. Kitu chochote ninachokichapa huja kwangu kikiwa faili. Faili hilo hubaki katika kompyuta yangu, hubaki katika kumbukumbu ya mashine, na nakala zilizoharibika hubaki katika ndoo ya takataka mpaka kijana wa usafi apite. Sijawahi kuiba kitu cha mteja, lakini ningetaka ningeweza, na mteja asingejua kamwe. Ufunguo wa siri uliochapwa na mtu mwingine ni siri ya watu wawili tangu siku ya kwanza, hata ukifunikwa kwa rangi ya fedha tabaka kumi.

Tatizo hili lina umri karibu sawa na Bitcoin yenyewe. Mmarekani Mike Caldwell wa Utah alianza mwaka 2011 kutengeneza sarafu za kushikika zilizoitwa Casascius, ambazo zilibeba Bitcoin za kweli kupitia ufunguo uliofichwa chini ya stika ya hologramu. Hata hizo zilimtaka mnunuzi amwamini Caldwell kwamba hakubaki na nakala. Mwaka 2013 alisimamisha uuzaji wa sarafu zenye Bitcoin ndani, baada ya FinCEN, idara ya serikali ya Marekani inayofuatilia uhalifu wa kifedha, kumwandikia kwamba biashara yake inahesabika kuwa ya kuhamisha pesa. Leo sarafu zake ambazo stika haijabanduliwa zinatafutwa na wakusanyaji. Kadi yetu ilichukua umbo la wazo hilo ikaacha Bitcoin nje.

Cheti kilibaki sandukuni hadi Aprili. Ni karatasi nzito yenye mstari wa dhahabu, na namba 7/21 iliyopigwa kwa muhuri wa mkono. Rafiki mmoja wa mpwa wangu, ambaye baba yake alimnunulia seti hiyohiyo, alipokuja nyumbani na chake tukaviweka viwili mezani: 7/21 na 7/21, muhuri uleule, hata mkia wa saba umekatika mahali palepale.

Nilirudi dukani na vyeti vyote viwili, hudi, sarafu na sumaku niliyoazima kwa sonara. Sikupaza sauti. Kijana aliniita mzee kama mara ya kwanza, akaniletea kiti, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba vitu vya kumbukumbu havirudishwi kwa kuwa thamani yake iko katika toleo, na kwamba namba kujirudia ni makosa ya mchapaji. Nilimwuliza mchapaji ni nani. Alitabasamu bila kujibu, nami nikayameza maneno yangu, maana karatasi ile naifahamu, na sidhani kama ilisafiri zaidi ya mtaa wangu. Mwishoni alinipa vocha ya shilingi 100,000 ya kununulia humohumo dukani, itakayokwisha muda baada ya siku thelathini. Kuhusu kadi alisema satoshi "zitaingizwa." Hadi naandika haya anwani ingali sifuri.

Seti hii naipa nyota mbili kati ya tano, moja kwa ajili ya kofia na nyingine kwa ajili ya kitambaa cha hudi. Sanduku ningelipa nusu nyota, kwa kuwa mama wa mpwa wangu sasa anahifadhia humo vitufe vya nguo. Vocha sikuitumia. Jumapili moja nilikuja na hudi kazini, nikaibandua herufi B yote kwa joto, nikaichapa upya kwa skrini na wino wa plastiki, nikapitisha tabaka mbili, na mgongoni nikaurekebisha mwaka ukawa 2009. Kazi ilinichukua chini ya saa nzima na wino wa shilingi elfu chache. Imefuliwa mara sita tangu siku hiyo, na nikiivuta kwa vidole gumba haifunguki.