Bwawa la kupumzikia njia ya Kakoneni: pazuri sana, lakini huo ukuta autazame mtu anayejua

Nianze na mazuri maana yapo mengi. Hili ni bwawa la udongo la mtu binafsi, ukitoka Malindi unashika barabara ya Kakoneni kisha unaingia ndani kidogo, na mwenyewe amelifanya pahali pa kupumzika kweli kweli. Kuna vibanda vya makuti, boti za pedali, unavua tilapia unachomewa papo hapo, watoto wana bembea na uwanja wa kukimbia. Vyoo safi, wafanyakazi wana adabu, chakula kinachelewa lakini kitamu. Kiingilio si cha kuumiza na unalipa kwa M-Pesa. Kwa starehe peke yake ningewapa nyota 5.

Nimewapa 2 na sababu ni ukuta wa bwawa. Najua wengi hawaendi picnic kuangalia ukuta ila mimi kwetu ni Bamba, nlikuwa kwenye kamati ya silanga, yaani bwawa, la kijiji, na injinia aliyekuja kutufunza kitu cha kwanza alitutembeza juu ya ukuta mwanzo mpaka mwisho, alafu akatushusha upande wa nyuma kule kusiko na maji, akatuambia shida za bwawa la udongo mara nyingi zinaanza kuonekana kule. Tangu hapo nikifika kwenye bwawa lolote lazima nizunguke nyuma.

Sasa hapa. Juu ya ukuta kuna miarobaini mikubwa na watu wanaipenda kwa kivuli, wengine wamefungia bembea za kamba. Mti juu ya ukuta wa udongo si mzuri jamani. Mizizi inafuata unyevu ndani ya ukuta, siku mti ukifa ile mizizi inaoza inaacha mirija na maji yanapata njia, na mti ukiangushwa na upepo unang'oka na pande zima la ukuta. Na dawa yake si kuja na panga ukate yote leo, vichaka vidogo sawa fyeka, lakini mti mkubwa ukikatwa kienyeji mizizi ndo inaanza kuoza kule ndani, hiyo ni kazi ya kuita injinia. Kule nyuma kuna kichuguu cha mchwa na mashimo ambayo mzee wa getini aliniambia ni ya kenge. Tena kuna njia ya ng'ombe, wanapanda ukuta kwenda kunywa maji, na pale wanapopita juu pamebonyea, unaona kwa macho pako chini kuliko kwengine kote. Bwawa likijaa mpaka juu maji yatatafuta hapo palipobonyea, na yakishaanza kupita juu ya udongo yanaula haraka sana.

Alafu kuna unyevu. Chini ya ukuta karibu na bomba la kutolea maji kuna kipande cha nyasi za kijani kibichi wakati huu wa kaskazi ambapo nyasi zote zengine zimekauka, na ukikanyaga mguu unazama kidogo. Nlichota maji yake kwa chupa nikaiinua juani, yalikuwa meupe, yaani safi hayana tope, na hiyo niseme wazi ni dalili nzuri. Bwawa la udongo kuvuja kidogo ni kawaida. Kinachotisha ni yakitoka na tope, maana hilo tope ni udongo wa ukuta wenyewe unaliwa kutoka ndani, tundu linapanuka bila wewe kuliona na ukuta unaweza kwenda kwa masaa tu. Kwa hivo ile sehemu inataka mtu aiangalie kila wiki, na mvua ikinyesha kila siku, aandike imekua au haijakua, maji ni meupe au yana tope. Nlipomuuliza menija nani huangalia akaniambia "dadangu, hapo pamekuwa hivo miaka yote". Mimi hilo halikuniridhisha.

Na kubwa kuliko yote ni spilwei, yaani ile njia ya pembeni ya kupitisha maji ya ziada ili yasipite juu ya ukuta. Hapa wameiwekea wavu wa kuzuia samaki wasitoroke na mbele yake wamepanga magunia ya mchanga ili maji yabaki juu boti zielee vizuri. Naelewa kwa nini, hakuna mtu atalipa kupanda boti kwenye matope. Lakini fikiria, bwawa la mkulima wa kawaida anapiga pampu kila siku, maji yanashuka, mvua kubwa ikija inakuta nafasi. Hili la starehe linafanywa lijae mwaka mzima, na bado njia ya maji kutoka imezibwa nusu, na ule wavu mvua ya kwanza tu utajaa majani na matawi na chupa za plastiki uzibe nusu iliobaki. Koki ya bomba nayo imekula kutu, mzee alinionyesha, haifunguki. Maana yake hata wakiona hatari hawana namna ya kuyashusha maji.

Watu wanasema ah ni kabwawa kadogo. Eka moja ya maji yenye kina cha wastani mita 2 ni kama mita za ujazo 8,000, na kila moja ni tani, hizo ni tani 8,000 za maji nyuma ya udongo, na hili kwa macho yangu linapita eka moja. Tarehe 9 Mei 2018 kule Solai, Nakuru, bwawa la udongo la shamba la mtu binafsi lilipasuka usiku, likaua zaidi ya watu 40, wengi wakiwa majumbani mwao. Na huku kwetu Mei ndo mwezi wa mvua nyingi kabisa, na mwisho wa 2023 tuliona wenyewe El Niño ilivyotufanya.

Na ujue zile bembea za watoto ziko wapi. Chini ya ukuta upande wa nyuma, kwa sababu ndo kuna uwanja tambarare. Ukiteremka zaidi kuna mashamba ya mahindi na maboma ya watu. Hilo ndilo lilinikosesha raha siku nzima, nikawaita wanangu waje juu tukae upande wa vibanda.

Menija nimsifu kwa jambo moja, nlipomwambia tutembee alikubali, tulizunguka wote na alipiga picha. Hakuwa anajua kwamba magunia ni hatari, alidhani ni kuongeza ulinzi. Magunia na wavu vinatoka leo leo, havina gharama. Pale palipobonyea pajazwe udongo wa mfinyanzi ushindiliwe vizuri, si kumwaga mchanga tu, na ng'ombe watengewe hori upande wa chini. Bembea zihamishwe. Koki, miti na ule unyevu aje injinia wa mabwawa mwenye leseni, na waonyeshe kibali cha WRA, ile mamlaka ya serikali ya rasilimali za maji, mgeni yeyote anaweza kukiuliza, mimi niliuliza nikaambiwa kiko kwa mwenyewe Mombasa.

Upande wa boti: lifejaketi zipo lakini za watoto hazitoshi, fika mapema. Kingo za ndani ni utelezi mkali na hakuna ngazi, mtoto akiteleza hana pa kushika, msiwaache peke yao hata kidogo.

Kaskazi mtu akienda akakaa upande wa juu sioni ubaya. Masika mimi siendi na sipeleki mtoto wa mtu mpaka spilwei iwe wazi. Na kama mwenyewe anasoma hapa, kaka tafadhali, yule mzee wa getini ndiye analala pale kila usiku na hana namba ya simu ya hata boma moja la kule chini. Mpe hizo namba kabla mvua hazijaanza, na wale wa chini wapewe yake.