Tovuti ilisema laptopu yangu haiwezi GTA V, nikajaribu hivyo hivyo

Kabla ya kuchoma bando la zaidi ya GB 90 nilitaka jibu la swali moja tu: hii laptopu yangu ya mtumba itaibeba gemu ya GTA V, lile toleo la zamani (Legacy)? Muuzaji Kariakoo alishaniapia, "Kaka, hii Core i5, gemu zote zinapiga." Sikumbishia, ila roho haikutulia.

Nikaanza na tovuti mojawapo ya zile za kupima kompyuta. Unachagua gemu, unapakua kiprogramu kidogo, kinasoma vifaa vyako, halafu unaletewa majibu kwa tiki na misalaba. Dakika mbili hazikuisha. Prosesa ikapita. RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ikapita kwa tabu, maana nilikuwa na GB 4 ambazo ndizo kiwango cha chini. Kadi ya picha ikala msalaba mwekundu. Hukumu: huwezi. Kwa nini, na ufanyeje? Kimya. Kilichojaa ni matangazo yenye vitufe vya uongo vya "pakua", ukiteleza kidole umejiletea virusi.

Basi nikaangalia mwenyewe. Unabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, unaandika dxdiag, kiprogramu cha Windows yenyewe, kila kitu kiko mbele yako, bure, bila intaneti. Hapo ndipo nilipoijua i5 yangu vizuri: ni i5-4200U. Hiyo U ni alama ya prosesa ya kubana umeme, ina viini (core) viwili tu. GTA V inaanzia prosesa ya Core 2 Quad Q6600 yenye viini vinne, lakini ile ni ya 2007 na viini vya sasa vina mbio zaidi, kwa hiyo sikuogopa sana.

Shida ilikuwa kadi ya picha. Gemu inataka angalau NVIDIA 9800 GT ya GB 1. Yangu ni Intel HD Graphics 4400, imo humo humo ndani ya prosesa, imetengewa MB 112 tu, na hizo pamoja na zinazoongezwa zote inakopa kwenye RAM. Hili tovuti haikuligusa kabisa: kwa laptopu kama hii, RAM ndiyo kadi yako. Nilikuwa na kipande kimoja cha GB 4 na nafasi ya pili iko tupu. Fundi akapachika kingine cha GB 4, na vikiwa viwili vinasomwa kwa pamoja, kadi inapata njia pana zaidi.

Nikanunua gemu Steam. Kwa pikseli 1280 kwa 720, kila kitu chini kabisa, napata fremu (picha) 25 hadi 30 kwa sekunde. Nikikimbizwa na polisi katikati ya mji inashuka na kukwamakwama, vivuli sina, lakini nacheza. Ndani ya mipangilio ya picha kuna kipimo chake chenyewe, na hicho ndicho ninachokiamini. Ingegoma ningeomba hela zangu, Steam wanarudisha ndani ya siku 14 kama hujacheza kufikia saa 2. Bando ndilo lisingerudi.

Tovuti naipa nyota mbili, dxdiag nne. Binamu sasa ananisukuma niweke FC 24, gemu ya mpira. Inaanzia kadi ya NVIDIA GTX 1050 Ti ya GB 4. Hiyo hata sikuipima.