Seti ya Kwanza ya Mrukaji: Kipi Ununue Mtumba, Kipi Ununue Kipya

Seti yangu ya kwanza ya kuruka na mwavuli kutoka kwenye ndege niliitandaza kwenye mkeka chini ya mwembe huku Ukunda, siku mbili baada ya kufika kutoka ng'ambo. Muuzaji alikuwa ameandika miruko 300, hali safi. Riga, yaani fundi wa kufunga na kukagua miavuli, aliyekuja kuikagua hakutazama rangi wala jina la kampuni. Alipiga magoti, akashika kamba za breki, akazinyoosha, akatoa karatasi ya vipimo vya kiwandani. Kisha akaweka vidole vinne vya mkono wake pale kamba ilipoishia, kunionyesha mahali ilipotakiwa kufika. "Miruko 300," akasema, "labda tangu jana."

Kitambaa kilikuwa kizima. Lakini kamba zote zilibidi zibadilishwe, na AAD, kile kifaa kinachokata kitanzi cha mwavuli wa akiba ukishindwa kuufungua mwenyewe, ilikuwa imebakiza miezi 14 tu kabla ya kustaafishwa. Nilichookoa kwenye bei kiliishia hapo hapo. Mengi ninayoandika hapa niliyalipia karo siku ile.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye leseni A kwenda juu, ambayo kwa utaratibu wa USPA, chama cha warukaji cha Marekani, huanzia miruko 25, aliyechoka kukodi na anayesimama kila akiona tangazo la "seti kamili, nauza haraka, nasafiri". Kama bado ni mwanafunzi, kodi. Pesa zako weka kwenye miruko.

UKUBWA KABLA YA BEI

Usifungue tangazo hata moja kabla hujajua nambari yako. Panda mizani ukiwa umevaa kila kitu cha kurukia, geuza kilo kuwa pauni, ugawanye kwa futi za mraba za mwavuli. Mtu wa kilo 75 akibeba seti ya kilo 11 anafika kilo 86, karibu pauni 190. Chini ya mwavuli wa futi 190 mzigo wake ni 1.0. Mpe wa futi 150 na mzigo unafika karibu 1.27, na huo ni mnyama mwingine kabisa: unashuka kwa kasi, unageuka kabla hujamaliza kufikiri, na kosa dogo karibu na ardhi haukusamehe.

Kanuni ninayowapa watu ni ya Brian Germain, Mmarekani anayefundisha urushaji wa miavuli: usivuke 1.0 mpaka utimize miruko 100, kisha uongeze si zaidi ya 0.1 kwa kila miruko 100. Hiyo ni dari, si shabaha. Na ukiwa mwepesi usijidanganye kwa hesabu hiyo peke yake, maana mwavuli mdogo huenda mbio kuliko mkubwa hata mzigo ukiwa sawa.

Nasisitiza hili kuliko lolote kwa sababu mwaka 2023 USPA ilihesabu vifo 10 katika miruko takriban milioni 3.65 nchini Marekani. Ni idadi ndogo. Lakini ukisoma ripoti za mwaka baada ya mwaka unakutana tena na tena na mtu mzoefu, mwavuli wake umefunguka vizuri, amekata kona chini sana. Bill Booth, aliyebuni pete tatu tunazotumia sote kuuachia mwavuli mkuu ukiharibika, aliliona zamani: vifaa vikizidi kuwa salama, warukaji hutafuta hatari mpya ya kufidia. Kwa hiyo tangazo zuri la mwavuli mdogo kuliko nambari yako ni tangazo baya. Muuzaji atakwambia "utaukulia". Mwambie mwavuli si kiatu cha shule.

NJIA ZA KUPATA SETI, KUANZIA ILIYO BORA

Nambari moja ni seti ya mchanganyiko: begi la mikanda na mwavuli mkuu vya mtumba, mwavuli wa akiba usio mzee, na AAD yenye miaka mingi mbele. Mwavuli mkuu wa kwanza hutakaa nao. Baada ya miruko 200 hivi utautaka mwingine, kwa hiyo hauna haja ya kuwa mpya. Akiba na AAD ndivyo utakavyohama navyo, na hapo ndipo pesa iende. Kwa dola 4,000 hadi 5,000 mtu mwenye subira hupata kitu cha maana. Subira maana yake ni miezi, si wikendi mbili.

Nambari mbili, na hapa wengi watanuna, ni kuendelea kukodi. Anayeruka mara 30 kwa mwaka hana sababu ya kumiliki seti inayolala kabatini ikingoja tarehe ya riga. Marekani mwavuli wa akiba hufunguliwa na kufungwa upya kila siku 180, uwe umeruka au hukuruka. Huku kwetu riga si fundi wa baiskeli kwamba utamkuta kila kona. Piga hesabu ya kukodi mwaka mzima, uweke kando ya bei ya seti na gharama za kuitunza, ndipo uamue.

Nambari tatu ni seti mpya kabisa iliyokatwa kwa kipimo chako. Ni raha, sikatai. Mikanda inakukaa kama nguo ya fundi, kila pindo umelichagua wewe. Lakini inaweza kupita dola 8,000 bila kujitahidi, unasubiri miezi kiwandani, na begi lenyewe hushonwa kwa ukubwa fulani wa mwavuli. Anayeagiza begi akiwa na miruko 60 huagiza la mwavuli mdogo anaotarajia kufikia, kisha anajilazimisha kufikia haraka ili liendane. Nimeona mchezo huo. Ngoja seti ya pili.

Nambari nne: seti kamili ya mtumba kutoka kwa mtu usiyemjua, bei ya mkupuo. Si haramu. Ila hakuna anayeuza AAD yenye miaka kumi mbele kwa bei ya kutupa, na kwenye bei ya mkupuo ndipo kifaa kilichokaribia kufa hujificha. Mwombe aiandikie kila sehemu bei yake. Akikataa, umeshajua.

Ya mwisho ni seti ya mzee mmoja iliyokaa stoo tangu miaka ya tisini. Rangi inang'aa, thamani ya hisia ni kubwa, pengine unapewa bure. Begi la enzi hizo halikushonwa kwa jinsi tunavyoruka leo, vichwa chini na kukaa angani, upepo ukitafuta kila kifuniko kilicholegea. Itundike ukutani.

AAD: MOJA KATI YA TATU

CYPRES 2 ya Airtec, Ujerumani, ndiyo yenye historia. CYPRES ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1991, na jina lake likageuka kuwa jina la kifaa chenyewe. Ile ya mrukaji wa kawaida hufyatuka karibu mita 225 juu ya ardhi ikikukuta bado unashuka kwa zaidi ya mita 35 kwa sekunde. Za miaka ya karibuni huishi miaka 15 na nusu, na utaratibu wa ukaguzi ni mwaka wa 5 na wa 10. Nikinunua kipya, na mfuko unaruhusu, nachukua hii.

Nikinunua mtumba nachukua Vigil ya Ubelgiji. Umri wake ni miaka 20, kwa hiyo yenye miaka minane bado ina maisha. Uliza betri ilibadilishwa lini, na uzoee kusoma kioo kila unapoiwasha, kwa sababu hubadilishwa kati ya hali ya mrukaji mzoefu, mwanafunzi na ya kubeba abiria. Mtu mwingine akiitumia, usidhani aliiacha ulivyoiacha.

M2 ya MarS, Jamhuri ya Cheki, ni ya miaka 15 au miruko 15,000, haina safari za ukaguzi kiwandani. Kwa anayekaa mbali na posta za Ulaya hilo si jambo dogo, na ukinitajia bei nzuri sitabishana.

Kosa linalotokea kwetu halihusu chapa. Kifaa hiki hujifunza ardhi iko wapi pale unapokiwasha. Ukikiwasha Kwale mjini, juu ya Shimba, kisha ukateremka na gari hadi uwanja wa Diani ulio karibu na usawa wa bahari, umekipa ardhi ya uongo. Kwake ardhi iko mita mia kadhaa hewani, na kinaweza kufyatua akiba wakati mwavuli mkuu ndiyo kwanza unafunguka. Washa ukiwa uwanjani. Ukisahau, zima, washa tena hapo hapo.

KUKAGUA, KWENYE MKEKA

Anayejua kuchambua mtumba Kongowea ana nusu ya ujuzi tayari: mkono kwanza, jicho baadaye. Kitambaa kisichopitisha hewa, kikiwa bado na nguvu, huteleza na kupiga kelele kama karatasi ngumu ya zawadi. Kilichochoka hulegea mkononi kama leso ya miaka mingi. Weka mdomo katikati ya paneli ya juu na uvute hewa kwa nguvu. Ukipumua kwa raha, rudisha. Chagua pale katikati, si pembeni, maana pembeni huchakaa mwisho.

Ukikuta chembe za mchanga mweupe kwenye mishono, uliza mwavuli umetua wapi. Mchanga wa matumbawe hukata nyuzi polepole kila unapofungwa. Maji ya chumvi ni mabaya zaidi. Mwavuli uliotua baharini ukasuuzwa kwa maji yasiyo na chumvi siku ile ile hauna tatizo, uliokaushwa na chumvi yake una siri.

Kamba sasa. Zile nyembamba nyeupe za Maikrolaini husinyaa kwa joto la slaida, kile kitambaa kinachopunguza kasi ya mwavuli kufunguka, inaposhuka ikizisugua, na za pembeni na za breki husuguliwa kuliko za katikati. Matokeo ni mwavuli usio na ulinganifu: unafunguka kwa kishindo, au unavuta upande mmoja, au breki zinakuwa zimeshikwa hata ukizipandisha hadi juu. Kwa hiyo usihesabu miruko aliyokwambia, pima. Za Vektrani na HMA hazisinyai hivyo, lakini hukatika bila kuaga, basi kagua nyuzi zilizochomoka, hasa breki.

Halafu kuna kamba moja ambayo wanunuzi huisahau: ile ya ndani ya utepe wa kimwavuli kidogo unachokirusha kwenye upepo kiuvute mwavuli mkuu. Nayo husinyaa. Vuta kimwavuli kama unakifunga, uangalie kidirisha kwenye utepe. Rangi ya kamba ionekane wazi. Ikionekana nusu, kimwavuli kinafunguka nusu, na wewe unakuwa na kitambaa kinachopepea nyuma yako bila nguvu ya kuvuta chochote. Mfuko wake chini ya begi nao ujaribu: ukichezacheza begi na kimwavuli kikateleza chenyewe, mfuko umelegea.

Pete tatu, mirija ya kebo na mwavuli wa akiba mwachie riga. Wewe dai tu kadi ya akiba: imefungwa mara ngapi, na nani, imewahi kutumika? Kwa akiba za Performance Designs, baada ya kufungwa mara 40 au kutumika mara 25 kiwanda hutaka iwarudie wakague. Andika nambari zote za utambulisho na uwatumie watengenezaji kuuliza kama kuna taarifa ya marekebisho.

Mlipie riga kabla ya kumlipa muuzaji. Mpango wa kawaida kati ya waungwana ni seti kutumwa moja kwa moja kwa riga wa mnunuzi, pesa ikae kwa mtu wa kati mpaka riga aseme ndiyo. Anayekwepa hapo anakwepa kwa sababu. Na kama seti ilikuwa inaruka uwanja unaofikika, usimuulize mwenyewe habari zake, muulize anayemfungia mwavuli. Mfungaji ndiye anayejua mwavuli gani humkasirisha kila Jumamosi.

HIVI VINGINE

Kofia: nunua mpya, ikukae, iwe na cheti cha kuhimili mgongano. Cookie G4 ni mfano. Usinunue mtumba, huwezi kuona ilichogonga. Altimita ya mkononi, kipima kimo chako angani, yoyote inayosomeka juani inatosha, hata ya mshale kama Galaxy. Ile ya kulia sikioni, Optima ya L&B au mfano wake, ni nyongeza nzuri, na uizoee kama nyongeza: siku betri ikifa bado utafungua kwa macho yako. Kamera ingoje. USPA yenyewe hushauri uwe na miruko 200 kwanza.

Ukiipata seti, ruka mara tano za kwanza peke yako, fungua juu, futi 5,000, ucheze na breki mpaka uijue. Na uwanjani kila jambo la kwanza lina deni lake: wenzetu Ulaya na Marekani hudaiana bia, na siku ukikata mwavuli mkuu ukaokolewa na akiba, chupa ya riga aliyeifunga ni lazima. Huku kwetu wengi hawanywi. Kreti ya soda inakubalika, mradi Tangawizi zisipungue nusu.