Uzoefu wangu wa tiba ya leza kwa makovu ya chunusi

Chunusi ziliniisha nikiwa na umri wa miaka 24, lakini mashavu yangu yalibaki na mashimo ambayo hakuna krimu iliyoweza kuyajaza, na kwa miaka kadhaa nilikwepa kuketi karibu na dirisha ninapozungumza na watu, kwa kuwa mwanga wa ubavuni ndio unaoyafichua zaidi.

Kliniki ya kwanza niliyoiendea ilikuwa tayari kunitibu siku ileile. Niliondoka, na hadi leo nashukuru, kwa sababu daktari wa ngozi niliyemwona baadaye aliniuliza mambo ambayo kule hayakuulizwa: kama nimewahi kutumia isotretinoini (dawa kali ya kumeza ya chunusi), kama vidonda vyangu huacha makovu yaliyoinuka, na kama bado natokwa na chunusi mpya. Alinieleza kwamba ngozi nyeusi kama yangu ina melanini nyingi, yaani chembe za rangi ya ngozi, na joto la leza linaweza kuichochea itengeneze mabaka meusi. Ndiyo maana alichagua leza yenye mawimbi ya mwanga ya urefu wa nanomita 1,550, ambayo hupasha joto nukta ndogondogo ndani ya ngozi bila kuuondoa uso wake, huku ngozi iliyo kati ya nukta hizo ikibaki salama na kusaidia ile iliyoumia kupona. Leza ya kaboni dioksidi, alisema, ina nguvu zaidi, lakini huichoma ngozi hadi kuiondoa, na hatari ya weusi huongezeka. Alijaribu kwanza sehemu ndogo chini ya taya, kisha tukasubiri wiki 6.

Siku ya tiba nilipakwa krimu ya ganzi kwa muda wa saa moja na kufunikwa macho. Hata kwa ganzi hiyo nilihisi kama ninarukiwa na cheche, hasa karibu na mfupa wa shavu. Uso ulivimba kwa siku 2, ukawa unakwaruza kama msasa kwa takriban wiki nzima, kisha ukalainika.

Baada ya awamu ya pili shavu la kushoto lilipata mabaka meusi, na niliumia moyo sana, kwani nilikuja kutafuta nafuu nikaona doa jipya. Nakiri kwamba wiki ile nilitoka juani mara kadhaa bila losheni ya kukinga jua. Daktari alisimamisha tiba, akaniandikia krimu ya kupunguza weusi, na mabaka yalichukua miezi 3 kufifia. Tulipoendelea, alipunguza idadi ya nukta na kuongeza nafasi kati ya awamu.

Nimemaliza awamu 4. Makovu mapana yenye kingo za mteremko yamepungua kina, kwa makadirio yangu hadi nusu, na mabadiliko makubwa niliyaona miezi kadhaa baada ya awamu ya mwisho, kwa sababu kolajeni mpya, protini inayoipa ngozi uimara, hujengeka polepole. Bila picha nilizopiga mahali pamoja, kwa mwanga uleule, nisingeyatambua. Yale membamba na marefu, yaliyo kama matundu ya sindano, hayajabadilika hata kidogo. Daktari alikuwa amenitahadharisha tangu mwanzo kwamba hayo huhitaji asidi inayodondoshewa ndani ya kila tundu, na ndiyo tiba ninayojiandaa kuianza sasa.