Jimny mpya na kilomita 960 za mwanzo, hapa Maskati

Nimemiliki gari nne kabla ya hii, na zote alianza mtu mwingine kuzitesa kisha nikamalizia mimi. Suzuki Jimny hii ya gia za mkono ndiyo ya kwanza kuipokea ikiwa na nailoni kwenye viti na kilomita 9 kwenye saa ya dashibodi. Siku ya kwanza nilikaa ndani yake dakika kumi bila ya kuiwasha, nimeshika usukani tu, haya zimenijaa kama bwana harusi. Halafu nikatoa kitabu chake nikakisoma. Kwa zile gari nne za nyuma sikuwahi kufanya hivyo. Vitabu vyake vilikuwa vimeshapotea zamani pamoja na jeki.

Sehemu ya kulainisha injini, yaani kuizoesha kazi ikiwa mpya, ni nusu ukurasa. Kilomita 960 za mwanzo usikanyage mafuta mpaka chini, usiondoke kwa pupa, usiburure tela, usiende mwendo mmoja kwa muda mrefu, wala usijikokote kwenye gia kubwa. Breki usizibane kwa nguvu, hasa kilomita 320 za mwanzo. Namba hizo zilinishangaza mpaka nikapiga hesabu: ni maili 600 na maili 200, mtu kazigeuza tu.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza nyumbani. Baba yangu aliendesha lori la Bedford Unguja kabla ya kuja huku mwaka 1974, na yeye kwake gari mpya haipiti maili 30 kwa saa mpaka imalize maili 500. Basi. Hataki kusikia mengine. Rafiki yangu kazini naye kaja na la upande wa pili: injini za siku hizi zinachongwa na kompyuta, ipige tu, mambo ya kulainisha ni ya enzi za mzee wako. Nami katikati, na barabara zetu hizi za kilomita 120 kwa saa.

Baada ya kuimaliza kazi yenyewe naona kila mmoja kashika kipande. Kuta za silinda, tundu ambamo pistoni inapanda na kushuka, haziachwi laini kama kioo. Kiwandani husuguliwa zikabaki na michirizi myembamba inayokatana, kama ukili wa mkeka, na oili hukaa humo. Ringi, pete za chuma zinazoizunguka pistoni, hupita juu yake maelfu kwa maelfu ya safari mpaka ringi na ukuta vikaivana. Lakini kinachozisukuma ringi zigandamane na ukuta ni nguvu ya petroli inayowaka. Ukienda kama jeneza linalopelekwa makaburini Mwanakwerekwe, kama anavyotaka Baba, nguvu hiyo haipatikani. Na ukiikaba gari ingali mbichi, kama anavyotaka rafiki yangu, unaleta moto mahali ambapo vyuma havijajuana. Kinachotakiwa ni kupandisha na kushusha: mzigo kidogo, pumzi kidogo, mzigo tena.

Kwa hiyo barabara kuu ya Sohar nikaiepuka. Imenyooka kama rula; unaweka kilomita 110 na mguu unalala hapo hapo saa nzima. Badala yake kila jioni baada ya Magharibi nilikuwa natoka kwetu Al Khoudh napita barabara za ndani, za mataa na viplefti. (Ndiyo, huku tunakwenda upande wa kulia, lakini kwetu sisi kiplefti ni kiplefti tu, hata ukizunguka kinyume.) Kiplefti ni dawa ya injini mpya: unashuka gia ya pili, unazunguka, unatoka, unapanda ya tatu, ya nne, unaachia mafuta, gari inajizuia yenyewe, unaanza tena. Ijumaa nilikwenda Quriyat kwa njia ya Amerat, yenye milima na kona. Nikajiwekea sheria yangu mwenyewe, hii haimo kitabuni: mshale usipite mizunguko 3,500 kwa dakika.

Na hapo ndipo utaijua Jimny. Injini ni ya lita moja na nusu, petroli, haina turbo, na gia ni tano. Kwenye gia ya tano, kilomita 100 kwa saa, mshale umeshapita 3,000. Ukifika 120 uko karibu na 4,000 na upepo unapiga kioo cha mbele, ambacho kimesimama wima kama mlango wa kabati, mpaka mke wangu akawa anasema na simu kwa kupiga kelele. Anayetaka gari ya kwenda Salalah kila msimu wa kharifu (manyunyu ya kiangazi), karibu kilomita 1,000 kwenda tu, asijidanganye na sura yake nzuri. Kwangu mimi udhaifu huo ulinisaidia. Sikuhitaji kujizuia, gari yenyewe ilinizuia.

Mkono wa gia siku za mwanzo ulikuwa mgumu, hasa kutoka ya kwanza kwenda ya pili asubuhi ikiwa bado baridi. Unausukuma, unasita kidogo kama mtu anayefikiri ajibu nini, kisha unaingia. Nikajifunza kutoulazimisha: naukanyaga klachi mpaka mwisho, nauacha mkono usite, naingia. Kwenye kilomita 400 hivi nikagundua kwamba haisiti tena. Siwezi kusema siku gani hasa iliacha.

Sasa difu (gia zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kulia na la kushoto) na transfa (inayogawa nguvu mbele na nyuma), ambazo watu huzisahau wakiambiwa kulainisha gari. Jimny ina difu mbele na nyuma, eksili nzima zisizokatika katikati, na transfa yenye mkono wake pembeni ya gia. Meno ya krauni na pinioni, gia mbili za ndani ya difu, nayo ni mapya, nayo yanatafutana. Kwa hiyo nyuma sikupakia zaidi ya mchele wa mwezi, na kusema kweli nyuma penyewe, viti vikiwa vimesimama, hapaingii zaidi ya mchele wa mwezi.

Mpwa wangu wa miaka kumi na tisa ndiye alotaka kuniulia gari. Kilomita 212. Kaniomba funguo aisogeze tu kivulini, nami nimeshika kikombe cha kahawa, nikampa. Kumbe kavuta mkono wa transfa akaweka fo-wili, magurudumu yote manne yavute, juu ya lami kavu, halafu anakata usukani mpaka mwisho ageuze. Nikasikia mipira inalia kwi, kwi, na gari inasita na kuruka kama punda aliyegoma. Si ubovu ule. Jimny haina difu ya katikati, kwa hiyo ukiweka fo-wili, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanafungwa pamoja, na kwenye kona, yale ya mbele yanataka kwenda njia ndefu kuliko ya nyuma. Juu ya mchanga yatateleza yapatane. Juu ya lami hayana pa kuteleza, na maumivu yanarudi kwenye meno na shafti. Nikamwambia anyooshe usukani, arudi nyuma taratibu, arudishe mkono. Ukaingia. “Samahani mjomba, nilitaka kuona tu inafanyaje.” Sasa kaona.

Jaribu kubwa lilikuja kwenye kilomita 640. Shangazi na watoto wake walitaka kwenda mlima wa Jabal Akhdhar, ni msimu wa makomamanga. Pale Birkat al Mauz askari wa kituo hawakuruhusu kupanda bila ya gari ya fo-wili, na katika ukoo mzima mwenye nayo ni mimi. Kupanda ni zaidi ya kilomita 30 za mlima mfululizo. Kushuka ni balaa zaidi: mabango yanakuambia tumia gia ndogo, na kuna njia za dharura za kuponea gari zilizokosa breki. Sasa injini bado mbichi na mlima hauna mapumziko. Nikakataa. Shangazi akanuna wiki mbili, makomamanga akaletewa na jirani.

Kilomita 960 zilitimia kwenye taa za Al Khuwair, jua linachoma, hakuna aliyepiga makofi. Kilomita 1,000 nikamwaga oili. Kitabu hakinilazimishi mapema hivyo. Ni wasiwasi wangu na oili ni rahisi kuliko injini. Fundi akaikinga kwenye karai, akaniita nje penye jua. Oili haikuwa nyeusi, ilikuwa rangi ya asali ya nyuki wadogo, na akiitikisa karai inameremeta, unga mwembamba sana wa fedha, kama ule unaobaki vidoleni ukimshika nondo. Akasema hiyo ndiyo kazi ya ringi zako. Oili za difu zote mbili nikazibadilisha pia, na hizo ndizo zilizotoka chafu kuliko nilivyodhani.

Mafuta: tangi ni lita 40. Petroli ya M91, ile ya kawaida, niliinunua baisa 229 kwa lita (baisa elfu ni riali moja), kwa hiyo kujaza kutoka tupu kulikuwa riali 9 na kidogo. Wiki ya kwanza nilipata kilomita 11 na nusu kwa lita, sasa nimefika 13. Sitaapa kwamba ni injini iliyolainika. Yawezekana ni mguu wangu.

Kwa ndugu zangu wa Unguja wanaoniuliza: nyinyi Escudo zenu za kukodisha zinashuka bandarini zimeshalainishwa na Wajapani, haya hayawahusu sana, isipokuwa mkifungua injini mkatia pistoni na ringi mpya. Hapo kila nilichosema kinaanza upya, na fundi akikwambia “nenda nayo taratibu”, muulize taratibu vipi.

Baba jana kaomba aiendeshe. Miaka sabini na sita. Kafunga mkanda, kaweka gia ya kwanza, kaondoka bila ya gari kushtuka hata kidogo, na mpaka Seeb hakupita kilomita 50 kwa saa. Nyuma yetu foleni ya honi. Nikamwambia zimeshakwisha zile kilomita, Baba. Akanijibu, “Zako.”