Malitimita ya shilingi 650 kwa pikipiki inayogoma kuwaka: uzoefu wangu

Ninayoizungumzia ni ile malitimita (kipima umeme) ndogo ya manjano ya kundi la 830, inayoning'inia karibu kila duka la vifaa vya umeme hapa Kisumu. Yangu niliilipia shilingi 650 pamoja na betri yake ya volti 9. Imefanya kazi zaidi ya mwaka sasa, karibu yote kwenye boda zinazogoma kuwaka, nyingi zikiwa injini za mtindo wa CG za 125 na 150, zenye kabureta na CDI, yaani kile kisanduku kinachoamua cheche ipigwe lini. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoizuia ina sababu zake, na asiyezijua zitamla pesa.

Pale stendi pikipiki ikikosa cheche, mwendo ni uleule: plagi mpya, haiwaki, koili mpya, haiwaki, CDI mpya, bado haiwaki. Vipuri vya umeme vikishafungwa duka halivirudishi, kwa hiyo kila kisio anakilipia mwenye pikipiki. Mita inakomesha mchezo huo, mradi uanze na yasiyohitaji mita: koki ya petroli, ile swichi nyekundu ya kuzimia, stendi ya pembeni kwa zile zenye swichi hapo. Halafu chomoa plagi, irudishe kwenye kofia yake, laza chuma chake juu ya boliti ya injini na upige kiki. Iweke mbali na tundu la plagi, maana mvuke wa petroli hutokea hapo na unashika moto. Cheche ya buluu inayolia "ta" kwenye mwanya wa milimita 0.6 hadi 0.7 ni umeme mzima. Achana na waya, nenda kwenye petroli. Ikiwa ya njano na dhaifu, au haipo, jaribu plagi unayojua ni nzima. Bado? Sasa toa mita.

Usipige kiki kofia ikining'inia bila plagi. Moto ule wa umeme ukikosa pa kurukia hutafuta njia ndani ya koili au CDI. Na usiipime cheche yenyewe kwa mita hii. Ni maelfu ya volti, na utakuwa unanunua nyingine kesho.

Kazi inayoifanya vizuri kuliko bei yake ni volti za betri. Weka swichi ya mita kwenye DC 20. Betri iliyotulia na yenye chaji inasoma 12.6 hadi 12.8. Bonyeza stata huku unatazama: ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka au haina chaji. Ikibaki 12.3 na rilei (swichi ya umeme inayoilisha stata) inalia "ka" tu, betri usiiguse. Gusisha vijiti vya mita kwenye boliti mbili kubwa za rilei, bonyeza tena. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, moto unaliwa humo ndani; ikionyesha karibu sifuri, shida iko mbele, kwenye waya wa stata au kaboni za mota. Na kama hata "ka" hulisikii, anza na kitufe chenyewe na swichi ya klachi.

Funguo ikiwa imewashwa, pima pia moto unaofika kwenye soketi ya CDI. Kipimo hiki wengi hawakifanyi, na kinakuambia mambo mawili. Waya mmoja wa CDI ukisoma volti za betri, CDI yako inalishwa na betri, na betri ikifa utaisukuma hiyo pikipiki hadi jioni bure. Pasipo waya wenye volti, na una hakika fyuzi na waya wa kuja hapo ni vizima, inalishwa na koili ya magneto (inayozalisha umeme injini ikizunguka), na betri mbovu si kisingizio cha kiki kukataa. Jambo la pili ni upotevu. Betri inasoma 12.6, kwenye CDI inafika 10.7: karibu volti mbili zimepotelea njiani, na mara nyingi ni kishikio cha fyuzi kilichoota kijani au swichi ya funguo iliyoungua ndani. Kwa pikipiki zinazooshwa kwa presha kila jioni ufuoni, mimi huanza na kishikio cha fyuzi. Fyuzi yenyewe inaweza kuwa nzima na meno yanayoishika yameoza. Msasa mwepesi, kaza meno kwa koleo, pima tena.

Sasa ule waya mweusi wenye mstari mweupe. Kwenye nyaya nyingi za pikipiki za Kichina, huo ndio unaozima injini: CDI ikilishwa na magneto, waya huo ukigusa ethi (chuma cha fremu au injini) cheche inakufa. Ndivyo funguo inavyozima. Kwa hiyo ganda la waya likichubuka popote na shaba ikagusa chuma, pikipiki inajiona imezimwa. Chomoa waya huo peke yake kutoka kwenye CDI, piga kiki. Cheche ikirudi, CDI, koili na magneto yako ni nzima na hujanunua kitu. (Lakini funguo haitazima tena, tia gia, shika breki, achia klachi polepole izimike.) Kisha kamata sehemu ilipochubuka. Weka mita kwenye alama ya mlio, kijiti chekundu kwenye mweusi-mweupe wa upande wa swichi, cheusi kwenye ethi, funguo imewashwa. Mita inyamaze. Zungusha usukani polepole hadi mwisho wa kushoto, halafu kulia. Ikilia kwenye pembe moja tu, mkono wako uende shingoni mwa fremu, pale fungu la waya linapokunjwa kila usukani unapogeuka, au chini ya ukingo wa tengi. Vuta fungu nje, tikisa waya mmojammoja huku mita inasikiliza. Utauona umemenyeka urefu wa punje ya mchele, shaba inang'aa. Teipu, kisha ufunge fungu hilo mbali na chuma. Gharama ni teipu.

Bajaj na TVS wana rangi zao za waya, kwa hiyo usibebe hizi za CG ukazipachike huko. Fuata waya kutoka kwenye swichi hadi CDI.

Upande wa ohm ndio uliokula ile nyota. Gusanisha vijiti vya mita vyenyewe kwa vyenyewe kwenye 200: yangu inasoma 0.7, na hiyo ni nyaya zake tu. Upande wa kwanza wa koili ya plagi, ule unaopokea moto wa CDI, kwa kawaida hauzidi ohm 1. Hapo mita hii inaweza kukuambia kama waya umekatika, basi. Koili iliyounganika kidogo ndani haitaikamata. Upande wa pili, ule unaokwenda kwenye plagi, inajitahidi: kwenye 20k, kofia ya plagi ikiwa imefunguliwa, koili nyingi za aina hii husoma kilo-ohm 3 hadi 5. Kofia peke yake ni kama kilo-ohm 5. Kofia ikionyesha 1, yaani hakuna njia, usikimbilie kununua koili: kata nusu sentimita ya waya wa plagi uliooza, skrubu kofia mpya.

Koili ya palsa, ile inayoiambia CDI ipige saa ngapi, mara nyingi iko kati ya ohm 100 na 250. Ile inayolisha CDI, kama ipo, huwa mamia kadhaa. Zinatofautiana kwa aina ya pikipiki, na stendi inakusaidia kuliko karatasi: omba mwenzako mwenye pikipiki kama yako inayowaka vizuri, chomoa soketi, pima, linganisha. Soketi lazima iwe imechomolewa, na zako pia. Ukipima ohm kwenye waya wenye moto utapata namba za ajabu, au uiharibu mita.

Pikipiki inayozimika baada ya kubeba abiria kutoka Kondele hadi Maseno, kisha ikapoa nusu saa na kuwaka yenyewe, ipime ikiwa ya moto. Palsa iliyokatika ndani hujiunga ikipoa. Asubuhi itasoma 150 safi kabisa na fundi atakuambia huna shida.

CDI yenyewe mita hii haiipimi. Kuna watu wanagusisha vijiti kwenye miguu yake wakatangaza kwamba imekufa. Hayo ni maigizo. Vilevile haikamati kilele cha volti za magneto, kwa sababu inasoma mara mbili tatu kwa sekunde na kiki imeshapita. CDI utaijua kwa kuondoa wengine wote: moto unaingia, ethi iko, palsa ni nzima, koili ni nzima, waya wa kuzima umechomolewa, cheche hakuna. Hapo azima CDI nzima ya pikipiki kama yako kabla hujafungua pochi.

Plagi ikitoa cheche nzuri, mita irudi mfukoni, haijui chochote kuhusu petroli. Baada ya kiki kumi chomoa plagi. Ikilowa, imezama: funga koki, fungua gazi yote, zima swichi nyekundu ili cheche isitoke, piga kiki plagi ikiwa nje uikaushe silinda. Ikikauka, petroli haifiki. Legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kwenye chupa ya plastiki inayoonyesha. Maji hukaa chini kama shanga, na petroli ya chupa za barabarani inayo ya kutosha. Ikitoka kidogo halafu ikakatika, fungua kifuniko cha tengi. Ikianza kutiririka, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Jeti ndogo ya kabureta izibue kwa nailoni ya kuvulia samaki, inapatikana Dunga na kila soko la huku. Waya wa chuma unapanua tundu la shaba, na baadaye injini inakunywa petroli bila sababu unayoiona. Kama cheche ipo, petroli ipo, na kiki imekuwa laini kuliko zamani, ni kompresheni. Pima mwanya wa valvu injini ikiwa baridi. Kwa CG ni milimita 0.08.

Kasoro za mita yenyewe. Betri yake ya ndani ikichoka, inasoma volti juu kuliko ukweli, na hapo betri ya pikipiki iliyokufa itaonekana mpya. Ukiona 13.5 kwenye betri ambayo injini yake imezimwa, badilisha ya mita kwanza. Nyaya zake ni nyembamba na hukatika pale zinapoingia kwenye kijiti. Zangu zilikatika mwezi wa nne nikaweka nyingine nene, na ile 0.7 ninayoitaja ni baada ya hapo. Tundu la 10A halina fyuzi: ukisahau waya mwekundu humo halafu ukapima betri, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na ganda la waya litayeyuka mkononi. Baadhi ya mita za familia hii hazina mlio kabisa, nazo kwa kazi ya waya mweusi-mweupe hazifai.

Kwa hiyo dukani usiichukue ikiwa kwenye karatasi yake. Mwambie muuzaji aweke betri, gusanisha vijiti usikie mlio, kisha pima betri ndogo mpya ya redio: isome 1.5 hadi 1.6. Ikisoma 1.8, mwachie hapohapo, uombe nyingine. Na ununue fyuzi mbili za ziada, zile ndogo za kioo. Yangu ni ya miliampea 200.