Tuisheni ya hesabu elfu thelathini kwa mwezi, je inalipa?

Naandika hii kwa wazazi wenzangu wa huku Gongo la Mboto, Ulongoni mpaka Pugu ambao kila siku mnaulizana tuisheni ya hesabu nzuri ya kidato cha kwanza na cha pili ipo wapi. Kituo chenyewe sikitaji jina maana binti yangu bado yupo pale na nina ya kuwasema, ila waliopo maeneo haya wengi watakijua tu. Bei ni elfu 30 kwa mwezi, siku tatu kwa wiki, jumatatu na jumatano jioni wakitoka shule na jumamosi saa tatu mpaka saa sita mchana, na hapo bado kuna hela ya pepa, jero kila wiki, hiyo hawakwambii siku ya kujiandikisha. Jumamosi nawapa nyota nne na nusu. Katikati ya wiki nyota mbili, tena nimewahurumia.

Kwanza mjue nilimpeleka kwa sababu gani, maana mtoto hakuwa anafeli, au niseme kwenye daftari hakuwa anafeli. Yupo kidato cha pili shule ya kata, nikifungua daftari lake la hesabu ni vema tupu, ukurasa baada ya ukurasa wino mwekundu vema vema vema na sahihi ya mwalimu chini. Siku moja nikachukua swali mojawapo lenye vema nikaliandika kwenye karatasi nyingine nikamwambia hebu fanya. Akakaa nalo mpaka nikaepua wali. Kumbe mwalimu anaweka swali ubaoni, wanaojua wanafanya, wengine wanasubiri jibu liandikwe wananakili, kisha madaftari yanakusanywa yanapigwa vema. Na mi mwalimu simlaumu jamani, nilimkuta kwenye kikao cha wazazi mpaka nikamwonea huruma, yuko peke yake wa hesabu kwa kidato cha pili chote, mikondo minne, kila mkondo watoto themanini. Piga hesabu mwenyewe: madaftari 320, kila moja ulipe dakika mbili tu, ni zaidi ya saa kumi kwa zoezi moja la siku moja. Hapo bado hajaandaa somo la kesho. Nani ataziweza? Anapiga vema mambo yaishe.

Sasa jumamosi ya kwanza pale kituoni huyu kijana anayefundisha (tumwite ticha, watoto wenyewe ndo wanavyomwita) hakumuuliza mmefika topiki gani. Alimpa karatasi ya maswali mepesi ya darasa la tano la sita, mi nipo nje kwenye benchi nasubiri nikajua hapa nimepigwa, mtoto wa sekondari anapewa hesabu za shule ya msingi. Baadaye akaniita akanionesha alipokosea. Kulikuwa na swali 10 − 4 + 3. Binti kaandika 3. Ticha akamwambia nieleze umepataje, akamjibu kwa kujiamini kabisa, MAGAZIJUTO, jumlisha inatangulia toa, kwahiyo 4 na 3 ni 7, kumi toa saba ni tatu. Yaani kile kiwimbo tulichoimba wote, mabano gawanya zidisha jumlisha toa, kakishika kama kilivyo toka darasa la nne na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba jumlisha na toa zina hadhi sawa, unaanza iliyopo kushoto unaenda kulia, na gawanya na zidisha vilevile. Akamwambia una elfu kumi, umenunua mchele wa elfu nne, baba akakuongeza elfu tatu, una shingapi? Elfu tisa, hata hakufikiria. Akamwonesha kwamba ndo swali lilelile. Nikamwona mtoto anaangalia ile karatasi kama katukanwa hivi.

Na hilo ndilo ninalolilipia pale, mtu wa kumuuliza umepataje. Basi. Shule hakuna wa kuuliza kwa sababu ya ule msongamano, jibu likiwa sawa vema, likiwa baya kosa, na kosa likishapigwa tunaendelea mbele kwa sababu silabasi haisubiri.

Nyingine ilikuwa kwenye milinganyo. Shuleni wamefundishwa "kuhamisha", namba ikivuka alama ya sawasawa inabadilika, chanya inakuwa hasi. Ni njia ya mkato na inafanya kazi mpaka siku isipofanya. 2x + 5 = 13, tano inahama inakuwa hasi, 2x = 8, safi kabisa. Halafu ile mbili nayo inahamishwa kwa mtindo uleule, x = 8 − 2, jibu 6! Rudisha 6 kwenye swali uone, mara mbili 12 jumlisha tano 17, wapi na wapi na 13. Mtoto hajawahi kurudisha jibu kwenye swali, hajui hata kama inawezekana. Ticha kapiga marufuku neno kuhamisha kwenye darasa lake, lazima useme kwa mdomo unafanya nini, toa tano huku na toa tano huku, gawanya kwa mbili huku na gawanya kwa mbili huku, halafu ukipata jibu urudishe. Inachosha, watoto wanalalamika anachelewesha, lakini binti sa hivi nyumbani namsikia anajisemea peke yake "huku na huku" ujue kuna kitu kimeingia.

Lugha nayo isikie tu. Hawa watoto wa shule zetu wamesoma Hisabati kwa Kiswahili miaka saba, wanaingia kidato cha kwanza ghafla kila kitu Kiingereza, na hesabu za maneno ndo zinawamaliza. Kulikuwa na swali la umri, umri wa Juma ni mara mbili ya umri wa dada yake ukaongeza miaka mitatu, jumla yao wote wawili miaka 27, tafuta umri wa kila mmoja. Kwa Kiingereza binti kaacha wazi kabisa hajaandika hata x. Ticha akamsomea kwa Kiswahili, akalifanya kichwani, dada 8, Juma 19. Kwahiyo shida ilikuwa hesabu au shida ilikuwa kusoma? Shuleni kapata sifuri na ripoti imeandikwa "ni dhaifu katika hesabu". Pale kituoni kila swali la maneno linasomwa mara mbili, Kiswahili halafu Kiingereza, maana hata tukipiga kelele vipi mtihani wa mwezi wa kumi na moja utakuja kwa Kiingereza na asipofaulu ule anarudia kidato cha pili.

Huyu ticha mnajua ni nani? Ni mwalimu kabisa, ana digrii ya ualimu wa hesabu, aliingia kwenye ule usaili wa walimu wa mwanzoni mwa 2025 hakubahatika, anasubiri. Shule ya binti yangu ina mwalimu mmoja wa hesabu anayezama kwenye madaftari 320, na mwalimu mwingine wa hesabu yupo mtaa wa pili ananifundishia mtoto kwenye banda la mabati kwa hela yangu. Kodi nalipa, michango ya shule nalipa, na elfu 30 nalipa. Tangu 2016 ada ya sekondari mpaka kidato cha nne hakuna, na nashukuru kwa dhati maana kuna watoto wa mtaani kwetu wasingeikanyaga sekondari, lakini watoto wameingia wengi mno kuliko walimu na hesabu ndo imeumia kuliko masomo yote. Angalieni matokeo ya kidato cha nne ya miaka ya karibuni, hesabu ni kama mtoto mmoja kati ya wanne au watano ndo anafaulu, na kufaulu kwenyewe tunahesabu mpaka D, D inaanzia maksi 30. Yaani mtoto anaweza kukosa maksi 70 tukamwita kafaulu, na bado wengi hawafiki. Ndo maana huko juu mashuleni mbinu imekuwa kuokoteza, shika takwimu shika matriksi, jiometri achana nayo, utoke na D yako uende.

Haya, mabaya ya kituo sasa.

Jumatatu na jumatano anafundisha mwingine, kaka mmoja anaandika kama anakimbizwa, ubao mmoja mdogo anaujaza anaufuta watoto hawajamaliza kunakili. Nilimuuliza kwa upole tu, mwalimu mbona hamwangalii madaftari, akaniambia "mama, hawa tunawapa mbinu za kujibu". Yaani kilekile nilichokikimbia shuleni nimekilipia tena. Kidato cha kwanza na cha pili wanawachanganya siku hizo, wa kwanza wanaambulia patupu. Banda lina feni moja, mwezi wa pili na wa tatu mle ndani ni jasho tu, na choo ni cha nyumba ya jirani, wenye mabinti muulizie hilo kabla ya kulipa.

Kingine, habari zimesambaa. Tulianza watoto hawafiki ishirini jumamosi, sa hivi ni kama arobaini na wengine wanakalia ndoo. Ticha bado anasahihisha kila daftari ila kaanza kuyabeba kwenda nayo nyumbani kwake na mengine yanarudi wiki inayofuata, mwenye kituo anazidi kupokea tu kwa sababu kila kichwa ni elfu 30. Nimemwambia ukifika themanini utakuwa umefungua shule ya kata nyingine, akacheka, hakunijibu. Na inapokaribia mitihani, mwezi wa tisa wa kumi hivi, kila kitu kinasimama wanafanya pasti pepa tu, swali jibu swali jibu, hata jumamosi, nasikia wazazi wengine ndo wanachotaka. Mi sikitaki. Mtoto ambaye hajui kujumlisha sehemu pasti pepa ya 2019 itamsaidia nini, ataandika nusu jumlisha theluthi ni mbili ya tano kwa kasi zaidi.

Ila niwe mkweli kwa upande mmoja, kuna tuisheni nyingine mbili za jirani nilizichungulia, bei ya chini, elfu 15 na elfu 20, na kwa hali niliyoiona ni heri hiyo elfu 30. Moja inaendeshwa na mwalimu wa shule fulani, anafundisha nusu darasani halafu anawaambia wanafunzi wake walewale nusu iliyobaki njooni jioni. Sio walimu wote wako hivyo jamani, wengi wanajitoa, ila huyo yupo na wazazi wanamjua na wanalipa.

Kwa anayetaka kumleta mtoto: omba jumamosi peke yake, hawatangazi lakini ukimkomalia mwenye kituo anakubali kwa elfu 15, mi nimehamia huko kuanzia mwezi huu. Fika saa mbili na nusu la sivyo mtoto atakaa kwenye ndoo. Hakikisha kafanyiwa ile karatasi ya darasa la tano la sita kabla ya chochote, siku hizi wanairuka wakiona foleni, usikubali. Daftari awe nalo la pekee, asichanganye na la shule, na kila jumapili lifungue uangalie kama kuna maneno ya ticha mle ndani, sio vema, maneno, "kwanini umezidisha hapa", "rudisha jibu". Ukikuta wiki mbili mfululizo ni vema tupu, dai hela yako.